Meza ya Maswali: Keki ya Siku ya Kuzaliwa Ikibaki

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza juu ya jambo moja, yaani keki inayobaki baada ya sherehe ya kuzaliwa, na kwa hiyo ukurasa wote tumeutenga kwa ajili yake. Kabla ya barua ya kwanza, naomba wasomaji washike jambo ambalo litajirudia karibu katika kila jibu: keki iliyobaki ni unga ambao tayari umekwisha kutiwa sukari, mayai na mafuta, na kwa sababu hiyo mapishi yake ya pili hayahitaji sukari tena hata punje moja. Kinachohitajika ni kitu cha kuukata ule utamu, na sisi wa Kanda ya Kati tunavyo tele, kuanzia ubuyu na ukwaju hadi mtindi, karanga na zabibu.

SWALI: Salaam Mwalimu. Binti yangu ametimiza miaka saba Jumamosi iliyopita. Tuliagiza keki kubwa kwa jirani anayeoka, tukitazamia watoto wengi, lakini shule zilikuwa zimefungwa na wenzake wengi walikuwa wamepelekwa kwa bibi zao vijijini, kwa hiyo zaidi ya nusu ya keki imebaki. Ni keki ya vanila, na krimu yake ni ile ya siagi na sukari ya aisingi. Niliiweka kwenye friji bila kuifunika, na leo Jumatatu imekuwa ngumu, inakwama kooni, na watoto wanaikwepa. Naona uchungu kuitupa kwa bei ya mayai ya siku hizi. Nina jiko la gesi na la mkaa, oveni sina. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Ilazo, Dodoma)

JIBU: Salaam mama, na hongera kwa kumfikisha binti miaka saba. Keki hiyo usiitupe, ila tuanze na krimu, kwa sababu krimu ndiyo inayoamua kama keki bado ni chakula au la. Krimu ya siagi na sukari ya aisingi ina mafuta na sukari nyingi na maji kidogo, hivyo vijidudu haviipendi sana, na hata nje ya friji hustahimili siku moja au mbili mahali penye kivuli na ubaridi. Ingekuwa krimu ya maziwa ya kupiga, au keki yenye kastadi au matunda mabichi katikati, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa: hiyo haipaswi kukaa mezani zaidi ya saa mbili, na siku za joto la Oktoba na Novemba, nyuzi joto zinapozidi 32, saa moja tu inatosha kuiharibu bila hata kubadilisha harufu yake. Wasomaji wenye keki ya namna hiyo iliyoshinda mezani tangu saa nane mchana hadi usiku waiache iende, na wasidhani kuipika upya kutaiokoa, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu haziondoki kwa moto.

Jambo la pili ni kutenganisha keki ambayo haikuguswa na ile iliyopita mikononi na midomoni. Sherehe zetu zina desturi nzuri ya kulishana, lakini vipande vilivyong'atwa na mabaki ya kwenye sahani za wageni havirudi jikoni kwa ajili ya watu wengine. Sehemu ya juu mishumaa ilipokuwa ikipulizwa, ikwangue kwa kisu, utoe krimu yote ya hapo pamoja na matone ya nta. Ukishamaliza, angalia pia ndani, kwani waokaji wengi hutumia vijiti vya mbao kushikilia tabaka za keki au waya kushikilia maua, na kijiti kilichosahaulika ndani ya chakula cha mtoto ni hatari kubwa.

Sasa tuje kwenye ugumu. Keki yako imeonewa mara mbili. Kwanza, hewa ya Dodoma katika miezi ya kiangazi ni kavu mno na hunyonya maji kutoka katika chochote kilichoachwa wazi. Pili, friji yenyewe huharakisha kukakamaa kwa keki, jambo ambalo watu wengi huwa hawalitarajii: wanga uliokwisha kuiva huanza kujipanga upya na kukakamaa, na kazi hiyo huenda mbio zaidi katika ubaridi wa friji kuliko katika joto la kawaida la chumbani. Kwenye friza husimama karibu kabisa. Ndiyo maana keki isiyo na krimu ya maziwa huhifadhiwa vizuri zaidi ama kabatini ndani ya chombo chenye mfuniko kwa siku mbili tatu, ama kwenye friza kwa muda mrefu, na hapo katikati ndipo inapoharibika ladha. Ugumu huo, hata hivyo, si uchafu wala sumu, na kwa mapishi mawili ninayokupa hapa ni faida, kwa sababu keki kavu hunywa maziwa vizuri na haivurugiki inapokatwa.

Pishi la kwanza ni keki kavu ya kunywea chai. Kwangua krimu yote na uihifadhi kwenye kopo, itakufaa. Kata keki vipande virefu vyenye unene wa kidole gumba, wala usivifanye vyembamba kuliko hapo, kwa kuwa vitavunjika utakapovigeuza. Katika sufuria kubwa, tandika mchanga mkavu uliochekechwa, uweke juu ya jiko la mkaa hadi mchanga upate moto, kisha ingiza sinia dogo ambalo umepanga vipande bila kugusana. Funika, weka makaa machache juu ya mfuniko, na upunguze ya chini, maana hapa unakausha keki ambayo tayari imeiva, na moto mkali utaunguza sukari ya pembeni wakati katikati bado ni laini. Fanya kazi hii nje au mahali penye upepo wa kutosha, kamwe si katika chumba kilichofungwa. Kila baada ya dakika saba au nane funua kidogo ili mvuke utoke. Mvuke ukibaki ndani, utakuwa unaipika keki upya badala ya kuikausha. Baada ya robo saa geuza, na baada ya nusu saa hivi toa kipande kimoja, kiache kipoe kabisa, kisha ukivunje. Kikivunjika kwa mlio mkavu na ndani kukawa hakuna sehemu inayopinda, vyote vimekuwa tayari. Kikiwa bado cha moto hakitakwambia kitu, kwa sababu keki ya moto daima ni laini. Mwenye oveni aiweke nyuzi joto 150 kwa dakika 25 hadi 30. Vikishapoa, vitie kwenye kopo linalofunga vizuri, na hewa yetu kavu ambayo ilikuharibia keki sasa itakusaidia kuvitunza kwa muda wa wiki mbili.

Pishi la pili ni pudini ya mvuke, na hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Chukua vikombe vinne vya keki iliyokatwa vipande vya mraba, ukiwa umeondoa krimu. Piga mayai matatu, yachanganye na nusu lita ya maziwa ya uvuguvugu, tia chumvi kidogo sana na hiliki iliyotwangwa, usitie sukari. Mimina juu ya keki pamoja na konzi ya zabibu kavu, uache robo saa keki inywe maziwa. Paka siagi kidogo kwenye sufuria ndogo au bakuli la bati (hapa ile krimu uliyoihifadhi inaweza kufanya kazi ya siagi), mimina mchanganyiko, na ufunike kwa karatasi ya aluminiamu ili matone ya mvuke yasidondokee ndani. Weka katika sufuria kubwa yenye maji yanayochemka taratibu, yafike nusu ya kimo cha bakuli, na ufunike.

Muda wake ni dakika 45 hadi 50. Nausisitiza muda huo kwa sababu ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga hutupa mapishi ya mvuke ya dakika 40, nasi tukiyafuata hapa tunapata pudini yenye maji katikati, kisha tunailaumu keki. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo kila kinachoiva kwa mvuke au kwa kuchemshwa huhitaji muda zaidi kidogo. Choma katikati kwa ncha ya kisu: kikitoka bila majimaji ya yai, epua, hata kama juu panatikisika kidogo, maana pudini huendelea kukaza ikiwa nje. Iache dakika kumi kabla ya kuikata.

Kwa mchuzi wa kumwagia juu, wengi watakuambia uchemshe karameli, nami nasema hapana, kwa sababu pudini hii tayari ni tamu. Loweka kikombe kimoja cha mbegu za ubuyu usiotiwa rangi wala sukari katika maji ya uvuguvugu, sugua kwa mkono uliooshwa hadi ungaunga wote mweupe utoke, chuja, kisha pasha motoni ukikoroga mpaka uwe mzito wa kushika kijiko. Uchachu wake ukikutana na utamu wa keki, hata mtu mzima aliyekuwa amesusa keki ya watoto atarudi na sahani yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumepanga chumba na wenzangu, na jana usiku tulimfanyia mmoja wetu sherehe ndogo. Imebaki robo ya keki ya kawaida, haina krimu kabisa. Hatuna friji wala oveni, tuna jiko la gesi la moto mmoja na kikaango. Inaweza kugeuzwa kuwa chakula cha asubuhi cha watu wanne? (Mwanafunzi, UDOM)

JIBU: Marahaba mwanangu. Inaweza, na haihitaji chochote ambacho hamna. Pikeni chapati za maji. Vunjavunjeni keki hadi ipatikane kikombe kimoja cha chenga, mloweke kwa kikombe kimoja na nusu cha maziwa au maji, na baada ya dakika kumi mponde kwa uma mpaka kusiwe na mabonge. Ongezeni kikombe kimoja cha unga wa ngano, yai moja na chumvi kidogo, mkoroge, na mkiona uji ni mzito kuliko wa chapati za maji za kawaida, zidisheni maji kidogo kidogo. Kaangeni kwa moto mdogo. Hapa ndipo wengi huharibu: sukari iliyomo kwenye keki huungua haraka, na chapati huwa nyeusi chini huku juu bado mbichi. Pindueni mara tu pembe zinapoanza kuachana na kikaango zenyewe.

Vipande vizima ambavyo hamkuvivunja mnaweza kuvichovya kwenye yai lililopigwa na kuvikaanga kama mnavyofanya mkate. Kwa kuwa hamna friji, mmalize vyote leo hii, na kama mtakuwa na lindo la masomo usiku, bakizeni keki yenyewe ikiwa imefunikwa badala ya kubakiza chapati zilizokwisha kutiwa maziwa na mayai.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi naoka keki za oda nyumbani. Kila wiki nabaki na vile vichwa ninavyovikata ili keki ikae sawa, pamoja na vipande vya pembeni ninapotengeneza maumbo. Watoto wamevichoka. Je, naweza kuvitengeneza kitu cha kuuza bila kuharibu jina langu? (Mwokaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Nzuri, dada yangu. Wewe una mabaki bora kuliko ya waandikaji wote wa mwezi huu, kwa sababu vipande vyako havijafika mezani kwa mtu, unajua vimeokwa lini na unajua vimetiwa nini. Hayo mambo matatu ndiyo yanayokupa haki ya kuviuza. Keki iliyorudishwa kutoka kwenye sherehe ya mteja, hata ikiwa haijakatwa, usiiuze kamwe kwa sura yoyote.

Anza kwa friza. Kila unapokata vichwa, vitie siku hiyohiyo kwenye chombo chenye mfuniko, andika tarehe na aina ya keki juu yake, na usichanganye ya chokoleti na ya ndimu. Kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri vitakaa miezi miwili hadi mitatu bila kupoteza ladha. Umeme ukikatika, usifungue: friza iliyojaa hutunza ubaridi wake kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Unapovitoa, viache viyeyuke vikiwa bado ndani ya chombo kilichofungwa, ili unyevu ugande nje ya chombo na usiilowanishe keki.

Bidhaa ninayokushauri ni mipira ya keki na karanga. Mapishi ya kigeni huunganisha chenga kwa krimu ya sukari, na matokeo yake ni kitu kitamu mno ambacho mtu hawezi kula cha pili. Wewe unganisha kwa siagi ya karanga isiyo na sukari. Kwa gramu 300 za chenga, anza na vijiko vinne vya chakula vya siagi ya karanga na chumvi kidogo, ukande kwa ncha za vidole, kisha ubane konzi moja kiganjani. Ikishikamana na kuonyesha alama za vidole, imetosha. Ikimeguka, ongeza kijiko kimoja, na kama keki yako ni kavu sana, nyunyiza kijiko cha chai cha maji ya machungwa. Pima kila mpira gramu 30 kwenye mizani, usikadirie kwa jicho, kwa kuwa mteja hununua kwa macho na mpira mmoja ukiwa mdogo kuliko wenzake ataulalamikia. Vingirisha kwenye karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, au kwenye ufuta uliokaangwa, ambao Singida na Dodoma tunaulima wenyewe. Kwa kuwa hukuongeza maziwa wala krimu ndani yake, mipira hii hukaa siku tatu nje ya friji ndani ya kopo, na inasafiri vizuri hadi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba bila kuyeyuka. Hakikisha karanga ni nzima na hazina ukungu hata kidogo. Zile zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitoe zote, kwani ukungu wa karanga huleta sumukuvu ambayo kukaanga hakuiondoi.

Ukiwa na friji ya kuonyeshea bidhaa, fikiria pia keki ya kwenye glasi: tabaka la chenga, tabaka la mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa safi, na tabaka la zabibu mbichi, ambazo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na hivyo hazikosekani muda mrefu. Zabibu zetu nyingi zina mbegu, kwa hiyo zipasue, uzitoe mbegu, na zile za watoto wadogo uzikate kwa urefu wake, kwa sababu zabibu nzima yaweza kuziba koo la mtoto. Hii iuzwe siku ileile na isitoke kwenye ubaridi.

Kuhusu jina lako, mwambie mteja ukweli kwamba mipira imetengenezwa kwa vipande vya keki ulizooka wewe. Andika kwenye kifungashio tarehe, na kwamba kuna karanga, ngano, mayai na maziwa, maana kuna watu ambao karanga chache tu zinawapeleka hospitali. Na biashara ikikua ufike Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, upate maelekezo ya usajili. Maofisa wa SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, nao huwasaidia wajasiriamali wadogo katika hatua hizo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa Kondoa mwenye kisukari. Wajukuu waliniletea keki nyingi, na mke wangu anasema tukiikausha jikoni sukari yake inapungua. Ni kweli? (Mzee, Kondoa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba umfikishie bibi salamu na umweleze kwa upole kwamba si kweli. Moto huondoa maji tu, sukari inabaki yote, kwa hiyo kipande kikavu chenye uzito uleule wa kipande laini kina sukari zaidi, na kwa wepesi wake mtu hujikuta amekula vingi. Kukausha pia hakupunguzi unga wa ngano, ambao nao hupandisha sukari mwilini. Kiasi unachoweza kula, kama kipo, kipangwe na mhudumu wa afya anayekufuatilia na anayejua dawa zako. Ninachoweza kusema upande wa jikoni ni kwamba asali haiwezi kuchukua nafasi ya sukari kwa mgonjwa wa kisukari, hata iwe ya nyuki wadogo, nayo pia isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Keki hiyo igawiwe majirani leo.

SWALI: Mwalimu, mwezi ujao ni zamu ya kijana wangu kutimiza miaka kumi, na nisingependa kubaki na keki nyingi kama mwaka jana. Niagize kiasi gani, na nyingine niigawe vipi? (Baba, Manyoni)

JIBU: Kipande cha kutosha kwa mtu mmoja baada ya chakula ni gramu 80 hadi 100, kwa hiyo keki yenye uzito wa kilo moja hutoa vipande kumi hadi kumi na viwili. Muulize kwanza mwokaji wako kama kilo anazotaja ni za keki nzima au za unga aliotumia, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa na wengi hukosea hapo. Wageni watoto wakiwa ishirini, kilo mbili za keki nzima zinatosha, na atakayetaka cha pili atapata, kwa sababu siku zote kuna watakaokiacha.

Ugawaji ufanyike kabla ya watu kuchoka. Mara tu baada ya kijana kukata kipande cha kwanza na kuwalisha wazazi, mpe mtu mmoja mwenye mikono misafi kazi ya kukata keki yote na kupanga sinia mbili, moja ya mezani na nyingine ya kufunga. Ya kufunga ifungwe hapohapo katika karatasi za kaki, kila mgeni apewe anapoaga. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, wageni wengi huja mikono mitupu na huona haya kuomba cha kubebea, kwa hiyo karatasi hizo zinunue wewe. Ukifanya hivyo, kitakachobaki ni cha nyumbani tu, nacho kiingie kwenye friza usiku uleule kikiwa kimekatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, ili asubuhi ya shule utoe kimoja bila kuyeyusha vyote.

SWALI: Je, keki iliyoota ukungu naweza kuwapa kuku na mbwa wangu? (Mfugaji, Chamwino)

JIBU: Hapana. Keki ni laini, na ukungu unaouona juu tayari umetuma nyuzi zake ndani ambako huoni, hivyo hata kukata sehemu iliyoota hakusaidii, si kwa watu wala kwa wanyama. Kuku ni dhaifu sana mbele ya sumu za ukungu na unaweza kupoteza wengi kwa mara moja. Ifukie kwenye shimo la mboji, uifunike kwa udongo wa kutosha ili mbwa wasiifukue, na umwagie maji, kwa sababu kwenye ukavu wa Chamwino mboji isiyomwagiwa maji haiozi. Keki ambayo haijaota ukungu, kuku wanaweza kupewa chenga chache juu ya chakula chao cha kawaida, mradi isiwe na chokoleti wala krimu. Chokoleti ni sumu kwa mbwa pia, na kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa mbaya zaidi. Mbwa akiila, usisubiri dalili, mpigie daktari wa mifugo wa kata yako mara moja na umweleze ni kiasi gani amekula na uzito wake unaokadiria.